Habari ya Wali

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, kuku walikuwa wanapiga kelele. Unauliza kama ni kweli babu yako alichapwa bakora kwa ajili ya siasa. Babu yako? Siasa yake ilikuwa nyavu na bibi yako basi. Mimi nitakwambia habari ya wali.

Mwaka 1971 mchele ulikuwa adimu. Mzee Karume, rais wetu wa Zanzibar, alitaka tule tunacholima wenyewe, mchele wa nje ukabanwa. Kwa maneno si vibaya, hata mimi napenda mtu ale jasho lake. Lakini karafuu tulichuma sisi Wapemba, Serikali ikaziuza ng'ambo, na sisi mashelisheli asubuhi, muhogo usiku. Kwenda bara nako mpaka kibali.

Usiku mmoja babu yako akaingia na pishi tatu za mchele wa magendo, umevushwa kwa mashua kutoka Vanga, pwani ya Kenya. Bibi yako akafunga mlango wa ua, akaziba dirisha kwa kanga, kisha akatupia kipande cha papa mkavu kwenye makaa, anuke papa, wali usisikike. Tulikula kibatari kimezimwa. Nilikuwa na miaka tisa. Nililamba vidole mpaka nikapigwa kofi.

Asubuhi, chuoni kwa Kurani, nikamnong'oneza shoga yangu: "Sisi jana tumekula wali."

Siku ya tatu wakaja kumchukua babu yako. Alirudi magharibi, akala amesimama, na wiki nzima akawa analala kifudifudi. Hakuniuliza kitu. Bora angeniuliza.

Mimi nasema siku zote, na wewe umenichoka kwa hili: wabaya walikuwa wachache, waliojaa ni waoga. Mtoto wa miaka tisa hayumo huku wala kule. Labda shoga yangu hakusema. Labda jirani, pua si anazo? Mjomba wako anashikilia kuwa mwenye mashua alikamatwa akataja wateja wake, lakini mjomba wako ananihurumia tu. Maana mama yake yule shoga yangu alikuja kutupa pole siku ile ile adhuhuri, na sisi wenyewe hatujajua babu yako kapelekwa wapi. Haya, nimeshasema. Pengine aliwaona njiani. Njia ni moja ile.

Karume alipouawa, Aprili 1972, watu walikusanyika kwenye redio. Babu yako alikuwa ukumbini anashona wavu wake, hakunyanyua kichwa.

Shoga yangu yupo hapa hapa Wete. Ijumaa tulikutana sokoni, tukaulizana watoto, akanitilia mashelisheli mawili kikapuni, hakutaka pesa. Nilifungua mdomo nimuulize. Nikamuuliza bei ya ndizi.

Mama yako