Mwanangu, kuhusu yule binti unayemwigiza

Mwanangu,

Umeniuliza kama kukosana kwako na kaka yako kutakusaidia kumwigiza yule binti anayerudi kumuuguza baba aliyemfukuza. Kutakusaidia, ila si pale unapodhani.

Tatizo ni kwamba uchungu wako unaujua mwisho wake, binti haujui wa kwake. Mwigizaji aliyeumizwa na ndugu huingia onyesho la kwanza tayari amejeruhiwa: sauti imelegea, machozi yako karibu. Lakini binti huyu ameleta dawa na anauliza kama baba amekula. Ana tumaini. Usipoingia nalo, onyesho la tatu halitakuwa na cha kuvunja.

Kwa hiyo soma skripti nzima mara mbili bila kalamu, na kaka yako umwache nje. Mara ya tatu chora safu tatu: mambo ya hakika (umri wake, muda aliokaa mbali, nani alisema aondoke), yale wengine wanayosema juu yake, na yale anayoyakwepa kila yakitajwa. Hiyo ya tatu ndiyo yenye mali. Ukimaliza, weka nyota pale maisha yako yanapokutana na yake, na msalaba pale yanapoachana. Misalaba ikiwa michache mno, rudia kusoma, umejisoma mwenyewe.

Penye nyota, usiite hisia, maana haiji kwa kuitwa. Tafuta kitu: kitasa kilivyokuwa baridi, harufu ya chumba, mikono yako ilikuwa wapi wakati ule. Lee Strasberg, mwalimu wa uigizaji aliyeijenga Marekani mbinu hii ya kutumia kumbukumbu zako mwenyewe, aliwaambia wanafunzi wachague tukio lenye umri wa miaka 7 au zaidi. Ugomvi wako bado mbichi. Utakutawala badala ya kukutumikia. Stella Adler, mwigizaji na mwalimu mwingine wa Marekani, alipinga njia hiyo. Mwaka 1934 alikutana huko Paris na Stanislavski, mwongozaji Mrusi ambaye mafundisho yake ndiyo chanzo cha mbinu hizi, akarudi akisisitiza mazingira ya mhusika na ubunifu wa mwigizaji. Mimi niko upande wa Adler, ingawa naona kumbukumbu inafaa kwenye sentensi moja mbili zinazokataa kutoka mdomoni, tena mazoezini tu.

Mbele ya watazamaji shika kitenzi. Binti anataka baba aombe radhi: anambembeleza, anamtega, anamwaibisha. Kila kauli ipe kazi moja ya namna hiyo. Mwigizaji anayechimba kumbukumbu yake katikati ya mazungumzo macho yake huganda, na mwenzake hubaki akiongea na ukuta. Jipime hivi: mwombe anayeigiza baba abadilishe mkazo wa kauli moja bila kukuonya. Jibu lako likitoka vilevile kama jana, hukumsikiliza.

Jambo jingine, na hili huwaponyoka hata wazoefu: usimhukumu baba. Andika kwa nafsi ya kwanza, kama yeye, nusu ukurasa wa kwa nini alimfukuza bintiye, hadi sababu zake zikuingie akilini. Ugomvi ambao upande mmoja hauna hoja huwachosha watazamaji mapema.

Na kumbukumbu huchakaa. Ile iliyokuliza wiki ya kwanza inaweza isikutikise hata kidogo wiki ya nne. Ikifika hapo usiikamue, wala usiende kutafuta jeraha jingine. Rudi kwenye safu ya tatu, uchague jambo jingine analolikwepa, ulifanyie kazi na mwenzako. Mwongozaji akikutaka ulie kwa kuutaja ugomvi wenu mbele ya kundi, una haki ya kukataa. Mwambie akupe tendo la kufanya.

Mzazi wako