Maswali ya Wasomaji: Intaneti Inapiga Kazi, Domeini Inagoma

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mi ni fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja hapa Morogoro, tumeletewa kompyuta mpya sita nikaambiwa niziunganishe na domeini ya ofisi, mbili zimeingia fresh ila nne zimegoma kabisa, nikiandika jina la domeini zinaniambia haziwezi kuipata seva, na kinachonichanganya intaneti kwenye hizo nne iko poa, YouTube inacheza bila kukwama. Bosi anasema nipige Windows upya zote. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama ndugu yangu, pole na kazi. Usipige Windows, nakuomba sana, manake utamaliza siku nzima alaf utakuta tatizo liko palepale. Mwambie bosi kwa heshima akupe nusu saa tu.

Kucheza YouTube kunaonyesha kwamba njia ya kwenda nje ipo, basi. Domeini ni kitu cha ndani, yaani kundi la kompyuta na akaunti za ofisi zinazosimamiwa na seva yenu. Kompyuta ikitaka kujiunga, kitu cha kwanza inaiuliza DNS (kile kitabu cha majina na anwani za mtandao) "seva ya domeini hii iko wapi?", na jibu liko kwenye rekodi inayoanzia na _ldap._tcp.dc._msdcs, ambayo inakaa kwenye DNS ya ofisi yenu tu, mara nyingi kwenye seva ileile ya domeini. Sasa kama hizo nne zinaiuliza 8.8.8.8 ya Google, hiyo ni sawa na kumuuliza bodaboda wa Dodoma nyumba ya mjumbe wa mtaa wako hapo Morogoro, atakujibu kwa uhakika kabisa kwamba haijui.

Kaa kwenye kompyuta moja iliyoingia na moja iliyogoma, fungua cmd kwenye zote mbili, andika ipconfig /all, alaf zilinganishe mstari kwa mstari. Angalia mstari wa DNS, lakini usiuache na ule wa DHCP, manake huo ndo unakwambia nani aliyeipa kompyuta anwani. Mimi nahisi hapo kwenu kuna mtu kachomeka karauta ka waifai kwenye swichi ili apate intaneti kwenye simu yake, na hako karauta nako kanagawa anwani, kwa hiyo kompyuta iliyobahatika kuhudumiwa na seva imeingia na iliyohudumiwa na karauta imebaki nje. Ukikuta hivo, zima DHCP ya hako karauta, usianze kuandika DNS kwa mkono kwenye kila mashine.

Na hapa mafundi wengi sana wanakosea: wanaweka DNS ya seva ya kwanza, alaf ya pili wanaweka 8.8.8.8 eti kwa usalama. Usifanye hivo! Seva ikichelewa kidogo kujibu Windows inahamia kwa huyo wa pili, inaambiwa jina halipo, na hilo jibu inalipokea kama la mwisho, ndo mnaanza kupata ugonjwa wa leo inakubali kesho inakataa. Mashine zote ziulize seva yenu peke yake, alaf seva yenyewe ndo uiwekee fowada ya kuuliza mambo ya nje. Ukishamaliza piga ipconfig /flushdns, alaf nslookup -type=srv _ldap._tcp.dc._msdcs. ukimalizia na jina kamili la domeini, na kama seva yenu ikitokea kwenye majibu ujue umeshamaliza sehemu ngumu. Kwenye kujiunga pia andika jina kamili, sio kifupisho.

Ikikubali jina ila ikagoma ukishaweka pasiwedi, angalia saa. Kerberos, ule mfumo wa domeini wa kuhakiki nani anaingia, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya kompyuta na seva. Na ujue kompyuta mpya nyingi zinakuja na taimu zoni ya Marekani, mtu anaona saa haiko sawa anaisogeza kwa mkono hadi ifanane na ya ukutani, kwa macho iko sahihi kabisa lakini ndani bado imepishana na seva kwa masaa, kwa sababu hesabu inafanywa kwa UTC, yaani saa moja ya dunia nzima. Weka zoni ya Nairobi kwanza, ndo urekebishe saa. Kama ni mashine ya zamani na saa inarudi nyuma kila ikichomolewa umeme, badilisha kibetri cha CR2032.

Windows Home haiingii kwenye domeini hata ufanyeje, ila kwako siyo hiyo, manake kwenye Home hata kuandika jina la domeini usingeweza.

SWALI: Hujambo fundi. Kompyuta ya mhasibu wetu ilikufa, nikaleta nyingine nikaipa jina lilelile, sasa nikiiunganisha na domeini inasema akaunti yenye jina hilo ipo na kuitumia tena kumezuiwa. Zamani ilikuwa inakubali. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Sijambo dada. Ni kweli zamani ilikubali, lilibadilika na apdeti za Windows za Oktoba 2022, Microsoft walifunga huo mlango kwa ajili ya usalama. Ile dawa ya kuongeza kitu kwenye rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ambayo bado watu wanatumiana achana nayo, iliondolewa Agosti 2024. Jiunge kwa kutumia akaunti ileile iliyotengeneza jina hilo mwanzoni, au ipe mashine jina jipya lisilozidi herufi 15, au futa akaunti ya zamani kwenye Active Directory, ile orodha ya akaunti za domeini kwenye seva. Ila kabla hujafuta, angalia kama diski ya ile iliyokufa ilikuwa imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows la diski) na funguo zake zilihifadhiwa kwenye hiyo akaunti, uzinakili pembeni kwanza, manake akaunti ikifutwa na zenyewe zinaondoka, na hesabu za mhasibu bado ziko kwenye hiyo diski.