Barua kwa Neema: nenda siku isiyo na kesi

Same, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama yako kwa sauti maana miwani yake imevunjika. Tumefurahi sana kusikia kwamba miaka minne ya kufungua na kufunga milango ya jela ya kaunti wameiona, na sasa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti yenu, anataka uende chuo cha polisi cha Grand Island, huko huko Nebraska, Marekani, ukirudi uwe naibu wake wa doria. Swali ulilouliza ni moja tu: "Baba, ulipokuwa peke yako usiku na msaada uko mbali, hofu uliishindaje?"

Hofu nitaifikia. Kwanza nimekaa na hiyo picha ya mahali penyewe. Umeandika kwamba ni nchi ya wafugaji, vilima vya mchanga vilivyoota majani, na kwamba jirani zenu wa kaunti ya Cherry hawafiki watu 6,000 wakati eneo lao linazidi kilomita za mraba 15,000. Wilaya yetu yote ya Same, milima kwa tambarare, ni kama theluthi ya hapo. Na usiku askari wa doria ni mmoja, wakizidi wawili. Halafu umetaja kazi zao: ng'ombe waliotoka zizini wakalala barabarani, gari lililogonga mnyama paa, kupeleka hati za mahakama, mtu aliyekwama kwenye theluji, mlevi anayempiga mkewe. Nikamwambia mama yako, huyu mtoto anaenda kufanya kazi yangu, tofauti ni theluji tu.

Ndiyo maana nitakuambia lile nililokuwa nikiwaambia vijana wote walioletwa kwangu kutoka chuo cha polisi Moshi: nenda siku isiyo na kesi. Doria ndiyo hiyo. Ukienda siku ya kesi hujaenda doria, umeitwa. Najua umelisikia neno hili tangu uko darasa la kwanza, lakini sijawahi kukusimulia lilikotoka.

Unakikumbuka kituo chetu cha mwembe, kule Usukumani, au labda unakumbuka picha yake tu. Tulikuwa askari wanne kwa vijiji kumi na saba. Gari lilikuwa wilayani, na mafuta ya gari yalikuwa kwenye barua za maombi. Mimi nilikuwa na baiskeli yangu ya Phoenix. Ilikuwa Novemba 1988, mvua za kwanza zimeshagusa ardhi, na wewe ulikuwa na miezi minane.

Alhamisi asubuhi akaja bibi mmoja kwa miguu. Kijiji chake kilikuwa kilomita 22. Alikuwa ameondoka kwake usiku. Hakuingia kituoni, alikaa chini ya mwembe kama mtu anayesubiri basi, mpaka mama yako akamwona na kumpelekea uji. Alikuwa na macho mekundu. Kwa mtu wa Same kama mimi yalikuwa macho ya moshi tu. Miti ilikuwa imekwisha kule, watu wanapikia miti ya pamba na samadi kavu, na mwanamke aliyeinama juu ya moshi wa samadi miaka hamsini macho yake yatakuwaje? Lakini mama yako ni Msukuma, anajua watu wa kule husema nini juu ya macho hayo, kwamba ni ya mchawi. Wake za askari wenzangu waliita watoto wao ndani. Mama yako alikuchukua wewe akakuweka mapajani mwa yule bibi ili anywe uji akiwa na mtu. Ukamshika pua. Alicheka, mama yako anasema, akacheka mpaka akaweka bakuli chini.

Nilipomwita ndani alifungua fundo kwenye pindo la kanga. Mle mlikuwa na karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama punje ya harage. Ilikuwa imechomekwa mlangoni kwake. Hakujua kusoma, na hakutaka mtu wa kijijini amsomee. Alitembea kilomita 22 ili asomewe barua na mtu asiyemjua. "Mwanangu, inasema nini?"

Nikasoma kama ilivyoandikwa, kwa herufi kubwa: HAMA KABLA YA MVUA YA PILI. USIPOHAMA UTAHAMISHWA.

Alinyamaza, akatazama nje. Akasema, "Mvua ya kwanza imeshanyesha."

Nikaandika taarifa kwenye kitabu. Ile karatasi nikaichukua kama kielelezo, nikampa kipande chenye namba ya taarifa. Akakikunja kwa namna ile ile, akakifunga kwenye fundo lile lile, palepale ilipokuwa barua. Nilimshauri akae kwa ndugu wa mjini. Akauliza kuku wake atawaachia nani. Nikamwambia, basi nenda bibi, Jumamosi nakuja kijijini.

Jumamosi sikwenda. Usiku wa Ijumaa ilikuja amri kwamba kuna mkubwa atapita barabara kuu, askari wote tukajipange. Tulisimama Jumamosi kutwa, hakupita. Jumapili tukasimama tena, akapita saa tatu asubuhi, magari saba na vumbi tu. Tuliambiwa tusiondoke mpaka arudi, na hakurudi kwa njia ile. Usiku wa Jumapili ikanyesha.

Jumatatu nilitoka alfajiri. Udongo wa mbuga unaujua kwa hadithi za mama yako, mweusi, ukilowa unashika tairi kama ugali. Kila hatua kadhaa nilishuka nikaukwangua kwenye madigadi kwa kijiti, na mwisho nikaibeba baiskeli begani. Nilifika mchana umegeuka.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa fimbo kwa nje. Ndani majivu ya baridi. Chungu hakipo, kanga hazipo. Jiwe la kusagia lipo. Kuku wapo, wanadonoa uani.

Nikauliza majirani. Amehama. Amekwenda wapi? Kwa ndugu. Ndugu yupi? Hatujui, afande. Nilizunguka nyumba zaidi ya ishirini, na kila nyumba ilinipa neno lile lile, amehama, na mimi nilikuwa nalo mfukoni kwa herufi kubwa. Jeshi la jadi la kijiji kile, Sungusungu hodari kabisa, watu waliokuwa wakifuata unyayo wa ng'ombe mmoja siku tatu mpaka ng'ambo ya mpaka wa wilaya, hao nao hawakujua bibi wa miaka sabini alipita njia ipi.

Faili nilifungua. Damu haikuonekana, mwili haukuonekana, shahidi hakuonekana. Niliuliza mpaka nilipohamishwa mwaka 1993. Hadi leo sijui.

Wakati mwingine najiambia alihama kweli. Aliogopa, akachukua chungu na nguo, akaondoka kabla ya mvua, na jiwe la kusagia nani atalibeba? Halafu nakumbuka kuku. Mwanamke aliyeniuliza kuku atawaachia nani hawezi kuwaacha uani bila kumwambia hata mtoto. Halafu najibu tena, ukikimbia usiku unafungaje kuku kumi miguu? Neema, mabishano haya ninayo tangu ukiwa unatambaa.

Mama yako hakunisemesha siku tatu. Baadaye, miaka mingi baadaye, ndiye aliyeanza kunitetea. Husema, ungekwenda Jumamosi ungekuwa askari mmoja mbele ya kijiji kizima, ungefanya nini? Na ungekataa amri wangekufukuza, mtoto angekula nini? Ni kweli. Nimejiambia hivyo hivyo mara nyingi na hainisaidii, kwa sababu kinachoniuma si Jumamosi.

Kinachoniuma ni kwamba katika miaka mitatu nilikuwa nimefika kijiji kile mara mbili tu, na mara zote mbili niliondoka na mtu amefungwa pingu. Wangeniambiaje? Mimi kwao nilikuwa pingu juu ya baiskeli. Sheria nilikuwa nayo, Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa ndani yake. Kama ningekuwa nimekaa na wazee wale mwezi mmoja kabla, bila kesi, nikanywa maziwa yao, nikawaeleza jambo hilo jioni moja, pengine aliyeandika karatasi ile angesita. Pengine mtoto mmoja angenivuta shati. Kile kijiji cha upande wa mto, ambako nilikuwa napitia kila wiki kwa sababu tu walikuwa na mgando mzuri, kulikuwa na kijana wa kuchunga aliyenikimbilia mbio kuniambia ng'ombe wameibwa kabla mwenye ng'ombe hajajua. Nchi ni ileile, watu ni walewale. Tofauti ni mgando.

Baada ya pale nilijipangia. Kila Jumatano, kijiji kimoja, sina hati, sina wito. Nafika, nasalimia Kisukuma, nasema mwadila, najibiwa, naulizwa mhola, yaani habari, nasema mhola, nzuri, nakaa. Wakuu wangu walisema napoteza muda. Nenda siku isiyo na kesi, niliwajibu, na walichoka kunisikia kama ulivyochoka wewe.

Sasa hofu. Niliogopa, mama. Niliogopa kila usiku na sikuishinda. Ukifika mlangoni simama pembeni, usisimame mbele ya mlango. Tochi shika mkono wa kushoto. Kabla hujashuka garini sema kwenye redio uko wapi, hata kama unadhani ni jambo dogo. Haya chuoni watakufundisha vizuri kuliko mimi, na huko nyumba nyingi zina bunduki, jambo ambalo sisi hatukuwa nalo. Cha kwangu ni hiki tu: nyumba ambazo nilikuwa nimewahi kukaa nikanywa maji, hofu ilinishika njiani ikaniachia uani. Nyumba ambazo sikuwahi kufika ilinishika mpaka narudi kitandani.

Kuna jambo la hao masherifu wenu nimelifikiria. Unasema sherifu anachaguliwa kwa kura, kama diwani, kila miaka minne. Nililipenda, kwa sababu mkubwa wangu alikuwa anahamishwa kabla hajajua majina ya vijiji, na mtu wa kura hawezi kuwapuuza watu. Kisha usiku nikaligeuza. Mtu anayetafuta kura atakwenda kwenye nyumba zenye kura nyingi. Yule aliye peke yake mwisho wa barabara ana kura moja. Wewe ukiwa naibu wake utakwenda kwa nani? Muulize mapema. Usimuulize mshahara kwanza, muulize hivi: nikiwa zamu na redio imenyamaza, unaniruhusu kupiga hodi kwa mtu ambaye hakupiga simu? Jibu lake litakuambia ni kazi ya namna gani.

Mama yako ameniambia nisikuambie ukubali wala ukatae. Anasema wewe ni mtu mzima, una mume, una watoto, na kule watu watasikia lafudhi yako gizani kabla hawajaona beji. Hilo la lafudhi linamnyima usingizi. Nami nimemwahidi nitanyamaza. Lakini aliyekuwa mapajani mwa yule bibi ni wewe, na nilipoona neno doria kwenye barua yako nilitoka nje nikakaa peke yangu kidogo. Zaidi ya hapo nimeahidi kutosema.

Ada ya mdogo wako imefika, tunashukuru. Mama yako ana michembe, vile viazi vilivyokaushwa, ya kukutumia, aliagiza kwa dada yake Shinyanga. Tutampa mtoto wa mwalimu anayesafiri Desemba.

Jambo moja la mwisho. Katikati ya barua yako, ukieleza redio ya zamu ya usiku mnavyoisikia kule jela, umemtaja mzee mmoja mfugaji anayeishi peke yake, maili arobaini kutoka mjini, ambaye theluji ilipoanguka hakupokea simu siku mbili. Halafu ukahamia habari za sare. Je, kuna aliyekwenda? Niandikie kuhusu huyo mzee kwanza, hayo mengine yatafuata.

Ni mimi baba yako.