Nani wa mwisho kulishika? Maswali yenu kuhusu mafaili ya muda

Safari hii nimechagua maswali ya Python na asyncio (maktaba yake ya kuendesha kazi nyingi kwa zamu), kwa sababu sanduku limejaa kilio cha aina moja: faili la muda limefutika mapema, au halikufutika kabisa. Karibu wote mnailaumu Python. Karibu wote mmekosea.

Shikamoo mwalimu. Natumia FastAPI (zana ya Python ya kujenga huduma za wavuti). Mteja akiomba ripoti, natengeneza PDF ndani ya `with NamedTemporaryFile(suffix=".pdf") as f`, kisha narudisha `FileResponse(f.name)`. Mteja anaambulia kosa 500, eti faili halipo. Lakini nikiweka `print(os.path.exists(f.name))` kabla ya `return`, inasema True! (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. `print` yako imesema kweli, ila umeiuliza mapema mno. `FileResponse` haibebi faili, inabeba anwani tu. Faili lenyewe linakuja kufunguliwa baada ya funksheni yako kurudi, na funksheni ikirudi umeshatoka kwenye `with`, na hapo faili halipo tena. Umempa mgeni ramani ya kwako huku fundi wa kubomoa yuko mlangoni.

Weka `delete=False`, kisha lipe jibu lenyewe kazi ya kufuta: `FileResponse(njia, background=BackgroundTask(os.unlink, njia))`. Starlette, msingi ambao FastAPI imejengwa juu yake, huiita kazi hiyo ikishamaliza kutuma. Kosa likitokea katikati ya kutuma haiiti, kwa hiyo soma pia jibu la mwisho hapa chini.

Wapo wanaofuta faili kwa utegemezi (dependency) wenye `yield`, yaani funksheni ambayo FastAPI huiita kabla ya yako na kuimalizia baadaye. Tazameni toleo lenu kwanza. Kuanzia FastAPI 0.106 msimbo ulio baada ya `yield` ulikuwa ukipita kabla ya jibu kutumwa, halafu 0.118 ikaurudisha baada ya jibu. Mimi siutumii kwa kazi hii. Sitaki uhai wa faili langu utegemee namba iliyoandikwa kwenye requirements, ile orodha ya matoleo ya maktaba.

Na hujaulizwa lakini nakuuliza: PDF ya kilobaiti mia mbili inatafuta nini kwenye diski? Iandike kwenye `BytesIO`, faili la kwenye kumbukumbu tu, irudishe kwa `Response`, ukalale.

Kwenye Windows napata PermissionError nikilifungua mara ya pili faili la NamedTemporaryFile. (Wasomaji watatu, barua zinafanana mpaka nukta)

Nimeshalijibu. Python 3.12 na kuendelea: `delete_on_close=False`, andika, funga, mwingine asome, litafutwa ukitoka kwenye `with`. Chini ya hapo, tumia `TemporaryDirectory` na uweke faili lako la kawaida ndani yake. Barua ya nne inakwenda kapuni.

aiofiles, maktaba ya kusoma na kuandika mafaili ndani ya asyncio, itanifanyia diski iwe na kasi zaidi?

Hapana. Ni nyuzi (threads) zile zile ndani ya kanzu. Zinazuia mzunguko wako (event loop, unaogawa zamu za kazi) usigande, basi.

Nina huduma ya kupunguza video. Naita ffmpeg, programu ya kuchakata video, kwa `create_subprocess_exec`, matokeo yanaingia kwenye `TemporaryDirectory`, na nimeweka `asyncio.wait_for` ya sekunde 60. Muda ukiisha, mara napata "Directory not empty", mara hakuna kosa lolote lakini CPU inabaki juu. (Msomaji, Mombasa)

Ahsante, hili ndilo swali. `wait_for` inakatisha kusubiri kwako, haimkatishi ffmpeg. Umekata simu ukadhani na wa upande wa pili amenyamaza. Ffmpeg ni mchakato unaojitegemea, una namba yake, na bado unaandika. Kama unatoa video kwa vipande vipande, `TemporaryDirectory` inafuta vilivyomo, na kabla haijaondoa folda yenyewe kipande kipya kinazaliwa. Ndiyo "Directory not empty" yako. Kama ni faili moja tu lililokwisha kufunguliwa, Linux inafuta jina bila kulalamika, na ffmpeg anaendelea kujaza faili lisilo na jina mpaka amalize. Ndiyo CPU yako hiyo.

```
try:
    await asyncio.wait_for(p.communicate(), 60)
finally:
    if p.returncode is None:
        p.kill()
        await p.wait()
```

Yote haya yakae ndani ya `with`, si nje. Na huo mstari wa mwisho ndio mnaousahau. Mnaua, hamsubiri kuhakikisha amekufa, mnaanza kugawa mali.

Wanaotumia `asyncio.to_thread` wasidhani wamesalimika. Uzi haukatishwi. Ukighairi, wewe unapata `CancelledError` na kuendelea na safari, uzi unabaki kazini na faili ambalo umeshalifunga. Kama ulimpa faili la kawaida la Python, atapata kosa na hadithi itaisha. Kama uliipa maktaba ya C ile namba ya `f.fileno()`, ambayo mfumo hulitambulia faili lililofunguliwa, shika kichwa. Ukifunga, namba inakuwa huru, na kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) humpa anayefungua kitu baadaye namba ndogo kuliko zote zilizo wazi. Niliwahi kukesha nikitafuta kwa nini databesi ilikuwa ikikata muunganisho kwa madai ya ujumbe usioeleweka. Nilipodaka ule ujumbe nikakuta unaanza na FF D8 FF. Hiyo ni JPEG. Uzi niliodhani nimeughairi ulikuwa unaandika picha ya mteja kwenye namba 9, ambayo wakati huo ilikuwa soketi ya databesi. Msimbo ulikuwa wangu mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Dawa ni ile ile: anayeandika ndiye awe na faili. Weka `with` ndani ya funksheni inayoendeshwa na uzi, ifungue, iandike, ifunge, irudishe matokeo. Wewe wa nje usilishike kabisa.

`df` inasema diski imejaa 100%. `du` inaona GB 6 tu kati ya 40. Nimefuta /tmp yote, hali ile ile.

Umefuta majina. Aliyeyashika mafaili bado hajayaachia, na nafasi hairudi mpaka afunge wa mwisho. Endesha `lsof +L1`, itakuonyesha mafaili yaliyofunguliwa ambayo hayana jina tena, na mwenye nayo. Mwanzishe upya. Ikishindikana kumgusa, `: > /proc/PID/fd/N` hulikata faili mpaka sifuri, ukijua unachokata.

Na tabia ya `rm -rf /tmp/*` kwenye seva iliyo hai muiache. Humo mna soketi na kufuli za watu wengine. PostgreSQL iliyojengwa moja kwa moja kutoka chanzo, kwa mfano, huweka soketi yake humo. Wanaohamia Debian 13 wajue pia kwamba humo, usipobadilisha mipangilio, /tmp inakaa kwenye RAM. Seva ya kukodi yenye GB 1 ya kumbukumbu, mteja akipakia video ya GB 2, utajua mwenyewe. Mafaili makubwa yapelekwe /var/tmp, au folda unayoichagua wewe kwa `dir=`.

Ndani ya `with` nafanya `asyncio.create_task(chambua(f))`, napata "I/O operation on closed file". Nikiongeza `await asyncio.sleep(1)` inakubali. Je, ni sahihi?

Si sahihi. `create_task` haijaendesha kitu, imeweka kazi kwenye foleni tu, na `with` inafunga kabla kazi haijapata zamu. Sekunde yako moja itatosha mpaka siku ya faili kubwa, na siku hiyo hutakuwa karibu na kompyuta. Hamishia `with` ndani ya `chambua`. Kama lazima faili lifunguliwe nje, tumia `TaskGroup` ya Python 3.11 ndani ya `with`, haitakuruhusu utoke kabla kazi hazijaisha. Halafu tunza kile kinachorudishwa na `create_task`. Mzunguko hauishiki kazi kwa nguvu, mkusanya taka anaweza kuizoa katikati. Limeandikwa wazi kwenye nyaraka za asyncio, na hamsomi.

Nikisajili kufuta kwa `atexit`, inayoita funksheni programu inapofunga, nitakuwa salama hata kwa `kill -9`?

Hapana, wala kwa SIGTERM, ishara ya kuiomba programu ijifunge. Python ikipokea SIGTERM bila kuandaliwa, inakufa pale pale: `finally` haipiti, `atexit` haiitwi. Uvicorn, seva inayoendesha FastAPI, huidaka yenyewe, lakini skripti yako ya usiku haina uvicorn. `docker stop` hutuma SIGTERM, inasubiri sekunde 10, kisha inaua.

Kwa hiyo kuwa na fagio. Folda moja ni ya programu yako peke yake, na programu ikiwaka inafuta kilichozidi umri fulani. Usifute vyote: kama una wafanyakazi wanne, anayewaka wa pili atafagia kazi ya wa kwanza.

Bora zaidi, tumia `TemporaryFile`. Kwenye Linux faili hilo halina jina tangu kuzaliwa, shukrani kwa O_TMPFILE iliyoingia kwenye kerneli 3.11 mwaka 2013, na kwenye mfumo wa faili usioijua, Python hufuta jina mara tu baada ya kufungua. Mchakato ukifa kwa namna yoyote, kerneli inarudisha nafasi yenyewe. Mtaniambia maktaba yenu inataka jina. Nyingi hazitaki, hamjajaribu. Pillow inapokea faili lililofunguliwa, pandas vile vile. Jaribu leo kwa mstari mmoja, na ikikukatalia kweli, ndipo uchukue fagio.