Wageni wanane kisiwani: hadithi yako imekwamishwa na maji

Mkuu, umeuliza kwa nini hadithi yako imegoma sura ya tano. Una wageni wanane wasiojuana, nyumba kwenye kijisiwa kilichounganishwa na bara kwa fungu la mchanga, ni Julai, kusi linavuma, mwezi mpevu. Mmoja anauawa saa sita usiku, maiti inaonekana saa mbili asubuhi. Kasoro iko kwenye maji.

Pwani yetu, mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Kwa hiyo fungu lako liko wazi takriban kati ya saa tatu na saa tano, mara mbili kwa siku. Maiti ikionekana saa mbili asubuhi, baada ya saa moja tu wote wanavuka kwa miguu kwenda kuita polisi. Hakuna aliyekwama. Msomaji wa kisiwa cha Mafia au Pemba ataliona hilo kabla yako, na ndiyo sababu wahusika wako wamekaa sebuleni hawana la kufanya.

Unaweza kuihamishia hadithi kwenye maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, wiki moja baadaye, fungu lisipoibuka kabisa kwa siku kadhaa. Au ufanye kama Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi: Burgh Island ya Devon, Uingereza, inayotajwa kuwa chimbuko la kisiwa cha riwaya yake ya 1939, And Then There Were None, hufikika kwa miguu maji yakipwa, lakini yeye akakiweka kisiwa chake mahali pa kufika kwa boti tu. Mimi ningebaki na bamvua, kwa sababu inakupa saa inayohesabika.

Muuaji afanye kazi yake saa nne usiku, jenereta ikinguruma. Asubuhi wenzake waamini marehemu amevuka kwenda kijijini. Maiti ionekane saa sita mchana, njia ikiwa imeshafunikwa. Simu ziache zifanye kazi. Kukata mtandao ni ujanja uliochoka, na mwenye laini mbili atakuharibia. Polisi wajibu kwamba kwa mawimbi yale hakuna nahodha atakayetoka, watavuka kwa miguu maji yakipwa. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo njia itafunguka kwenye saa tatu na nusu usiku. Una muda wa saa tisa hivi, na muuaji anajua kwamba njia watakayojia polisi ndiyo hiyo hiyo ya kukimbilia.

Sasa maiti yenyewe. Mwili huanza kukakamaa taya na shingo baada ya saa mbili tatu, ukakamavu ukashuka mikononi na miguuni, na kufikia saa 12 hivi umekaza wote. Kwa hiyo mgeni mmoja adai aliagana na marehemu saa tatu asubuhi. Nesi aliye miongoni mwao akijaribu kukunja goti saa sita mchana likakataa, uongo umenaswa: aliyekufa saa tatu zilizopita, tena kwenye ubaridi wa Julai, magoti yake yangekuwa bado laini. Hicho ni kidokezo cha haki, msomaji anakiona sawasawa na mpelelezi. Nesi asieleze maana yake hapo hapo. Aguse goti, anyamaze, halafu mtu aulize chai iko wapi.

Mafuta nayo ni saa. Jenereta ndogo ya kilowati 2 hula kama lita moja kwa saa. Ikiwa huzimwa saa tano usiku na asubuhi dumu limepungua lita mbili zaidi ya kawaida, basi iliunguruma mpaka saa saba. Nani alitaka kelele?

Alama za miguu kwenye fungu usizitegemee mchana. Maji ya kumi alfajiri yameshazifuta, na ukiziacha pale umeiua hadithi.

Wanane wanatosha. Chini ya sita msomaji anakisia kwa kuondoa mmoja mmoja. Zaidi ya kumi anachanganya majina, kwa hiyo yaanze kwa herufi tofauti. Kosa ninalolichukia kuliko yote ni sababu ya mauaji kuibuka ukurasa wa mwisho, eti kumbe walikuwa ndugu. Hawajuani, sawa, lakini uzi unaomfunga muuaji na marehemu uonekane kabla ya nusu ya hadithi: lafudhi, kovu, jina la shule.

Kabla ya kuandika tena chora jedwali: majina pembeni, robo saa juu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Jaza mstari wa muuaji kwanza, kisha wa marehemu. Ukimaliza lilete hapa, tukague nani alikuwa wapi saa nne.