Plagi na waya za magari ya zamani: mmeuliza, najibu

Shikamoo fundi. Gari lilikuwa na plagi za NGK BP6HS, lakini dukani nimepewa BP6ES. Muuzaji anasema ni kitu kilekile. Nizifunge?

Marahaba. Usizifunge, na kama umeshafunga hata moja, usipige starta. Ilaze mezani kando ya ile ya zamani. Tredi zote mbili zina unene wa milimita 14, kwa hiyo zinaingia bila kukataa, na hapo ndipo watu wanapoponzeka. Sasa tazama urefu. H ni milimita 12.7, E ni milimita 19. Hizo sita na ushee zitachomoza ndani ya silinda, na pistoni ikipanda inaweza kuzigonga. Ukikosea upande wa pili, yaani plagi fupi kwenye hedi (kichwa cha injini plagi inapofungwa) ya plagi ndefu, tredi za ndani zinabaki wazi na kujaa masizi. Siku ukileta plagi sahihi inagoma kuingia, na ukiilazimisha unaharibu hedi. Herufi moja tu, lakini nawasihi muisome kabla ya kutoa pesa.

Plagi zangu zinakuwa nyeusi kila baada ya wiki mbili. Nimeshauriwa niweke za moto zaidi, zenye namba kubwa. Ni sawa?

Namba kubwa ya nani? Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch, ikipanda inakuwa ya moto zaidi. Anayehama kutoka Champion kwenda NGK kwa kulinganisha namba tu lazima apotee; tafuta jedwali la kulinganisha.

Na huo umoto hauhusiani na nguvu ya cheche. Ni suala la ile pua ya kauri nyeupe. Ikiwa ndefu, joto linachelewa kutoka, nayo plagi tunaiita ya moto. Ikiwa fupi, joto linakimbilia kwenye hedi upesi, na hiyo ni baridi. Ncha inatakiwa ifike kama nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi ili iunguze masizi yenyewe. Ikivuka 800 na kuendelea kupanda, inaanza kuwasha mafuta kabla cheche haijaruka, na pistoni inaweza kutoboka.

Kwa hiyo kabla ya kubadili namba, fungua plagi uipanguse kwa kidole. Masizi makavu kama ya kitako cha sufuria yanamaanisha mafuta ni mengi kuliko hewa: angalia kabureta, angalia kama choki imekwama. Ikiwa nyeusi ya kulowa na kuteleza, hiyo ni oili inayopita kwenye ringi au kwenye gaidi za valvu, na plagi ya moto itakuficha ugonjwa kwa muda tu. Plagi ya injini yenye afya ni ya kahawia hafifu au kijivu. Ukishahakikisha injini ni nzima, na gari linatumika kwa safari fupi za mwendo mdogo, hapo shuka ngazi moja ya NGK, si mbili.

Nilitoa pointi (viguso vya kukata na kuunga umeme) nikaweka kifaa cha elektroniki ndani ya distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi. Linawaka vizuri, ila kwenye mwendo linakatakata na redio inakoroma. Waya ni za shaba tupu na bado nzima kabisa.

Nazishuku hizo waya kwanza. Shaba tupu pamoja na plagi isiyo na kizuizi ndani hugeuza kila cheche kuwa mtambo mdogo wa kurusha mawimbi. Pointi hazikujali. Kifaa chako kinajali, na watengenezaji wengi wa vifaa hivyo wanakataza waya za shaba tupu. Funga waya zenye ukinzani na plagi zenye herufi R: badala ya BP6ES, chukua BPR6ES, ambayo ndani yake ina kizuizi cha takriban kilo-ohmu 5.

Kati ya waya za kaboni na zile zenye uzi wa chuma uliosokotwa, mimi napendelea za kusokotwa. Kaboni hukatika ndani kwa ndani ukiivuta vibaya, nawe huoni kitu kwa nje. (Vuta kwa kushika kofia yake, kamwe usivute waya.) Niliwahi kushinda siku nzima na kabureta ya gari lililokuwa likikosa silinda moja. Usiku nikafungua boneti, injini ikinguruma, nikaona mstari wa buluu ukiruka kutoka ubavuni mwa waya hadi kwenye hedi. Nawe jaribu hivyo gizani, ukinyunyiza ukungu mwepesi wa maji, mikono ikiwa mbali.

Unene wa milimita 8 badala ya 7, kwa njia, ni ngozi ya nje tu. Hauongezi nguvu.

Iridiamu inafaa? Na nafasi ya cheche iwe ngapi?

Iridiamu inadumu, lakini kabureta inayomwaga mafuta itaichafua kabla hujafaidi uhai wake. Za kawaida zinatosha. Kwa mfumo wa pointi, magari mengi yanataka milimita 0.6 hadi 0.7, fuata kitabu cha gari lako, pima kwa geji, na ukunje ule mguu wa nje peke yake.

Gari langu la Kiingereza lilikuwa na arthi chanya, yaani upande chanya wa betri ukiungwa kwenye bodi, tukaligeuza kuwa hasi. Tangu hapo asubuhi linasumbua kuwaka.

Mligeuza na koili, ile inayokuza volti za cheche? Elektroni huruka kwa urahisi zaidi kutoka kwenye chuma chenye moto, na ncha ya katikati ya plagi ndiyo yenye moto kuliko mguu wa nje. Kwa hiyo katikati panatakiwa pawe hasi. Koili ikibaki ilivyokuwa, cheche inaruka kinyume na inadai volti zaidi, hasa injini ikiwa baridi. Kama koili ni ya zamani yenye alama SW (swichi) na CB (pointi), badilishana zile waya mbili nyembamba: ya swichi iende CB, ya distributa iende SW. Fanya hivyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.