Moteri ya boti inavuja maji? Usikimbilie kufungua kilasi

Kama moteri yako ya boti inavuja maji na fundi anakuambia "ni jwenti ya kilasi hii, tufungue" (kilasi ni kile kichwa cha juu cha moteri, jwenti ni gasketi yake), muombe kwanza aweke kle (spana) chini. Mi sina ubaya na bafundi, lakini kwa hizi moteri za zamani za mazutu (dizeli) zenye tuko nazo hapa Goma, zile zinabeba mizigo kwa ziwa Kivu kwenda Idjwi na Minova, mara mingi maji inatoka sehemu ya bei ndogo kabisa: kolie (kibano cha mpira), diriti (mpira wa kupitisha maji), spi (sili) ya pompi. Kilasi ukishaifungua utanunua jwenti mpya utake usitake, na bulo (bolti) za miaka hiyo zinapenda kukatikia ndani ya bloko (mwili wa moteri), hapo shida ya dola kidogo inageuka shida ya kuuza mbuzi.

Maji ni muongo juu inatembea. Inatoka juu kwenye termostati, inateremka nyuma ya bloko, inafuata waya, inakuja kudondokea chini ya pompi na kila mtu anashitaki pompi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukausha. Osha moteri yote na sabuni ya unga, toa masizi na mafuta, pangusa mpaka ikauke, kisha paka kitu cheupe kwenye kila jwenti na kila kolie: talki ya mtoto, chaki ya shule iliyosagwa, hata unga wa muhogo. Tandika karatoni kavu chini. Washa moteri ikiwa baridi na umulike na tochi (mkono na nguo mbali na kuroa, ule mkanda unaozunguka, tafadhali), pale unga unalowa kwanza njo mlango. Nasema ikiwa baridi kwa sababu kuna nyufa zinavuja kwa baridi tu, chuma ikipanuka zinajifunga, na zingine matone yake inakauka kwenye chuma ya moto hata hujaiona, inabaki tu alama nyeupe.

Hizo alama uziheshimu. Maji ya Kivu imebeba madini mingi, ikikauka inaacha ganda, na ganda chini ya bulo ni ushahidi kwamba palivuja hata kama leo pako pakavu. Kama moteri yako iko na mizunguko miwili, yaani maji safi ndani inapozwa na ya ziwa kwenye eshanjeri, basi weka maji ya rangi ndani: ganda la kijani ni la ndani, jeupe ni la ziwa. Umeshamaliza nusu ya kazi bila kufungua kitu.

Sasa pompi ya maji ya ziwa. Chini yake, kati ya pompi na moteri, iko katundu kadogo, na nimeona watu banakaziba na silikoni! Usikazibe hata siku moja. Ndani mko spi mbili, moja inazuia maji, ingine inazuia mafuta, na kale katundu kamewekwa katikati ili spi ya maji ikichoka maji itoke nje, isivuke kwenda kwenye mafuta. Kakidondosha maji, spi ya maji imekufa, kakidondosha mafuta ni ile ingine. Ukiziba, maji itakula rulema (beringi) halafu itaingia karteri (beseni ya mafuta chini ya moteri), na hapo utaanza kusema ni kilasi. Ukibadilisha spi, pitisha ukucha kwenye akse (shafti) ya pompi, kama unanasa kwenye mfereji hiyo spi mpya haitakaa. Huku kwetu mchanga wa ufuko ni wa volkano, mweusi na mkali, pompi ikiunyonya unasaga akse na turbini ya mpira, ile yenye mabawa ya kusukuma maji. Na turbini ikikatika mabawa, vipande uvitafute mpaka uvipate, mara mingi vimenasa kwenye mlango wa eshanjeri, moteri inachemka bila kuvuja hata tone.

Kuchemka nako hapa kunakuja mapema, tuko karibu mita 1,460 juu ya bahari, maji ya sufuria inachemka kwa digrii 95 hivi, haifiki 100. Ndiyo maana kifuniko cha presha, chenye kinabana maji isichemke mapema, si cha kuchezea: mpira wake ukikauka maji inakimbilia nje na watu banasema moteri inakunywa maji. Badilisha kifuniko kwanza.

Diriti na kolie sisemi mingi. Diriti ikibonyea ovyo au ikionyesha nyufa ukiikunja, toa. Kolie ziwe za inoks (chuma isiyoshika kutu), mbili mbili kwa diriti zenye ziko chini ya usawa wa ziwa, na funga vane (valvu ya maji ya ziwa) kabla ya kuchomoa. Na maji ya presetupu, pale akse ya helisi (propela) inatokea, si ugonjwa: ile inazibwa na kamba lazima idondoke kidogo helisi ikizunguka, ukiikaza mpaka ikauke unaunguza akse.

Kilasi tuifikirie dalili zikija pamoja: maji inapungua na karatoni iko kavu, mapovu kwenye mdomo wa maji, moshi mweupe wenye hauishi hata moteri ikipata moto, mafuta ya rangi ya chai ya maziwa. Chai peke yake haitoshi, inaweza kuwa eshanjeri ya mafuta imetoboka, ao maji ya ziwa imerudi kwa eshapema (bomba la moshi) kwa sababu kale kavalvu ka kuvunja sifoni, kenye kanazuia maji kujivuta kurudi, kameziba. Hiyo ya eshapema ni mbaya: asubuhi demareri (stata) inapiga tak! inakataa. Usilazimishe, maji haibanwi, biela (fimbo ya pistoni) itapinda. Toa enjekteri zote, zungusha kwa mkono, utaona silinda gani inatapika.

Kipimo chenye napenda: moteri imezima na baridi, jaza maji, weka presha na pompi ya baiskeli yenye saa, usipite namba ya kifuniko (za zamani mara mingi ni kati ya bar 0.5 na 0.9). Sindano ikishuka na nje kukavu, maji inaingia ndani. Acha usiku, asubuhi legeza kidogo bulo ya vidanji (ya kumwagia mafuta), kama kuna maji itatangulia kutoka mbele ya mafuta. Hapo sawa, fungua kilasi, lakini ipimwe na rula ya chuma na vibamba vya kupima nafasi kabla ya kurudi, na bulo zikazwe kwa hatua na kle dinamometriki (spana ya kupima nguvu), kwa mpangilio wa kitabu cha moteri hiyo. Mafuta yenye maji itoke siku ile ile, weka ya bei ndogo, washa kidogo, toa tena mpaka itoke safi.

Zile dawa za unga za kuziba matundu mi siziweki, zinaziba na eshanjeri. Afazali utembee na turbini ya akiba, kolie, na kipande cha shambrere (tyubu) ya baiskeli. Diriti ikipasuka katikati ya ziwa, zima, ngoja ipoe, viringisha kipande ukikaza sana, ongeza maji, acha kifuniko kimelegea ili presha isipande, na uende polepole mpaka Minova.